Nyumbu Aliyeuimbia Mwamba

Bisheni! Bisheni sasa hivi, maana nikishaanza hakuna atakayepata nafasi. Na wewe Sikudhani, punguza kucheka, meno yatakauka. Nikisema "Masikio!" nyie semeni "Yako wazi!"

Masikio!

Yako wazi!

Zamani, zamani sana, hata shule niliyoitoroka ilikuwa haijajengwa, nchi ilikauka. Mto ukawa mchanga mtupu. Ndama wa Mama Nyumbu akalala chini, akashindwa kusimama.

Maji yalibaki mahali pamoja tu, ndani ya mwamba wa Babu Chatu, ng'ambo ya mbuga. Na Babu Chatu alikuwa na desturi yake. Anayetaka maji aondoke jua likichomoza, afike kabla kivuli cha mwamba hakijaisha. Akifika, hakuna kupumzika. Chatu anaimba mara moja, naye aurudishe wimbo wote. Akikosea, basi tena.

"Niende mimi," akasema Mama Nyumbu.

Wanyama wakacheka mpaka vumbi likatimka.

"Wewe? Unayekimbia mbugani kila asubuhi bila simba nyuma yako?" akasema Nyani. "Kichwa hicho ni cha kubebea pembe tu, dada!"

Akaenda Nyani, bingwa wa akili. Akakimbia, naye hajazoea. Akafika ulimi nje. Chatu akaimba:

*Maji ya jiwe, maji ya mzizi,*
*maji ya wingu lililochelewa,*
*maji ya chozi, maji ya umande,*
*fungukeni kwa aliyesikia.*

"Maji ya... hee... maji ya... ngoja, Babu, niheme kwanza!"

Mwamba kimya.

Akaja Fisi. "Nyani mjinga. Mimi sikimbii ng'o!" Akamrubuni Punda Milia ambebe, akalala mgongoni njia nzima. Akashuka kichwa kizito, macho hayafunguki. Chatu akaimba.

"Maji ya jiwe," akasema Fisi, "maji ya... mfupa?"

Mwamba kimya.

Mama Nyumbu akamlamba ndama wake. "Nisubiri, mwanangu." Akaondoka. Tu-tu, tu-tu, zikasema kwato. Akaipita mbuga yote, akafika pumzi imetulia, macho maangavu kama yameoshwa. Chatu akaimba. Nyumbu akaurudisha wimbo, neno kwa neno:

*Maji ya jiwe, maji ya mzizi,*
*maji ya wingu lililochelewa,*
*maji ya chozi, maji ya umande,*
*fungukeni kwa aliyesikia.*

Weee! Mwamba ukalia. Mimi ninayewasimulia nywele zinanisimama! Ukapasuka katikati, maji yakatoka yanang'aa. Yakashuka mbugani yakifuata nyayo zake, yanajaza unyayo huu, yanahamia ule, mpaka mdomoni kwa ndama.

Hata Fisi alisahau kucheka. Ndama akanywa. Miguu inatetemeka, lakini akasimama.

Funzo ndilo hili: ukiizoesha miguu safari ndefu, kichwa nacho kinazoea kutochoka. Kwa hiyo usimcheke anayekimbia bila kufukuzwa. Hadithi yangu imeishiwa pumzi hapa. Mwenye mapafu aibebe.

Unasemaje, Sikudhani? Nimeruka kitu?

Haya, haya! Nimeruka. Nilitaka ashinde kwa mkupuo mmoja, kama ambavyo ningeshinda mimi. Ukweli ni kwamba Mama Nyumbu naye alikwama. Alipofika kwenye "maji ya chozi" akamkumbuka ndama wake, wimbo ukamkatikia kooni.

Chatu akainua kichwa. "Umekosea?"

"Sijakosea, Babu. Nimenyamaza. Niruhusu niuzunguke mwamba wako."

Tangu mwamba uwe mwamba, Chatu hakuwahi kuombwa jambo kama hilo. Akasogeza mkia, akampisha.

Tu-tu, tu-tu. Akazunguka. Na katika mshindo wa kwato zake, maneno yakaanza kurudi yenyewe, moja baada ya jingine.

Wala hakusimama kuyaimba. Aliyaimba akikimbia.