Makopo Manne ya Pilipili

Chombo kina usukani mmoja. Wakiushika watatu, kila mmoja akavutia kwake, hakifiki hata bahari ikiwa shwari. Hiyo ndiyo maana ya methali isemayo manahodha wengi, chombo huenda mrama. Aliyeijua kwa machungu yake ni mjane mmoja mshonaji, na chombo chake kilikuwa makopo manne ya rangi yaliyopandwa pilipili.

Marehemu mumewe alikuwa mtu wa pilipili. Kila mwaka alipanda, na kila mwaka aliacha tunda moja likomae mtini kwa ajili ya mbegu. Alipoitwa na Mola wake zilibaki mbegu saba, zimekunjwa katika karatasi ndani ya droo ya cherehani. Mjane alishindwa kuifungua karatasi ile miaka mitatu. Lakini mbegu haimngoji mtu amalize kulia, nayo huzeeka. Mwaka wa nne alipiga moyo konde, akazipanda zote. Zikaota nne tu. Nyingine za ukoo ule hakuwa nazo, wala hakujua pa kuzipata.

Aliyatoboa makopo matundu kwa msumari na kuyapanga kwenye baraza ya nyuma. La nne lilikuwa bovu, limepasuka chini tangu ukingo hadi ukingo. Shemeji yake, ndugu wa marehemu, aliyekuwa fundi wa redio na ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Najua, alilitazama akacheka mpaka akakohoa.

"Shemeji, hilo ni kopo au chujio?"

"Pilipili usiyoila, yakuwashiani?" mshonaji alimjibu, akaendelea na kazi yake.

Miche ilipoanza kutoa maua, dada yake alijifungua kwa upasuaji, naye ikambidi aende kumuuguza wiki mbili. Kabla ya kuondoka aliweka mambo yote sawa na waliobaki nyumbani, binti yake, mama mkwe na shemeji, au ndivyo alivyodhani.

Aliporudi hata begi hakulitua. Baraza ilinuka kama banda la kuku. Makopo matatu yalikuwa yamejaa maji ya kijani, na ndani yake miche imelala chali, majani ya manjano, mizizi imeoza ikawa kama uji. Maua yalielea juu. Ni kopo bovu tu lililokuwa na mche uliosimama, nao umebaki na majani matano.

"Nani ameziba matundu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo, na waliomjua waliiogopa zaidi ikiwa ndogo.

"Mimi, shemeji," alisema Bwana Najua. "Maji yalikuwa yanapotea bure. Nikaziba kwa vitambaa. Hilo bovu ndilo lilinishinda."

"Na hii samadi mbichi?"

"Mimi pia. Zilikuwa zimenyauka."

"Zilinyauka kwa sababu bibi alizitoa juani akazificha kivulini!" binti yake alidakia.

"Nilizitoa juani," alisema mama mkwe, akigonga sakafu kwa bakora, "kwa kuwa wewe uliziweka huko zikaangwe. Nikizirudisha kivulini, wewe unazirudisha juani. Pilipili zimetembea kuliko mimi mwaka huu!"

Mshonaji alishika kiuno. "Haya. Na maji, nani alikuwa akimwagilia?"

"Mimi," walijibu wote watatu kwa mpigo, kila mmoja kwa fahari. Binti asubuhi, bibi adhuhuri, Bwana Najua jioni.

"Jamani! Mmea huu unywe mara tatu kwa siku kama dawa ya hospitali? Nani aliwatuma?"

Wakatazamana.

"Si wewe, mama?" alisema binti. "Uliniambia bibi husahau, nishike mimi."

"Kwangu ulisema mtoto akili yake iko kwenye simu," alisema mama mkwe polepole, "ukanikabidhi mimi."

Bwana Najua alikuna kichwa. "Na mimi uliniambia mlangoni kwamba hao wawili huwaamini hata kidogo."

Mshonaji alilitua begi chini. Hasira aliyokuwa nayo ilikosa pa kutua ila kichwani pake mwenyewe. Hakumwamini hata mmoja, akawapa usukani wote, tena kwa siri. Alikaa juu ya begi lake. "Mungu nisamehe," alisema. "Kumbe wa kwanza kuziua ni mimi."

Kesho yake aliwaita wote mbele ya kopo bovu. Yeye alikuwa na sare za shule za kushona tangu asubuhi hadi magharibi, hakuwa na nafasi. "Mama," alimwambia mama mkwe, "mche huu ni wako peke yako. Ukiishi, umeishi. Ukifa, sitakuuliza."

Bwana Najua alianza, "Lakini mimi najua…"

"Unajua kunyamaza?" mama yake alimkata.

Bibi kizee alileta kigoda, akakaa na mche kama mtu anayemlinda mwari. Alichomeka kidole udongoni. Ukiwa mkavu alimwagia kikombe kimoja, ukiwa na unyevu aliuacha. Siku ya tano jani moja likaanguka. Mama mkwe alipoingia ndani kuswali, mshonaji alinyata na birika hadi barazani, akaliinamisha kidogo tu.

Bakora ilimpata kwenye kifundo cha mkono.

"Nani nahodha hapa?" aliuliza mama mkwe kutoka mlangoni.

"Wewe, mama."

"Basi rudi kwenye cherehani yako. Kaniombee, usinisaidie."

Aliomba, na kuomba bila kugusa kulimwia kugumu kuliko kufunga. Mwezi wa pili tangu bibi aushike, mche ulitoa maua, mengi yakapukutika, moja likashika. Tunda likakua, likawa jekundu, na bado mama mkwe hakuruhusu lichumwe mpaka lilipoanza kukunjamana kama uso wake mwenyewe. Siku hiyo alilikata, akamwekea mkwewe kiganjani.

Mshonaji alilipasua juu ya karatasi ileile ya droo na kuhesabu mbegu huku machozi yakimtoka, nayo hayakuwa ya ukali wa pilipili. Zilikuwa thelathini na nane.

"Mama, mwakani tutapanda makopo kumi!" binti alishangilia. "Tugawane kazi, mimi…"

"Nahodha ni bibi yako," mshonaji alimkatiza, akikunja karatasi. "Tulipokuwa wengi tulizamisha matatu, alipobaki mmoja, bovu lilifika. Kweli, manahodha wengi, chombo huenda mrama."