Kengele ya Fundi Asiyeweka Viraka

Jamani, hebu mwamshe jirani yako, huyu fundi asimpite. Alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, maneno yake mengi kuliko cheche zake. Alikuwa anamposa binti wa mzee wa kanisa, na mzee akamwambia, "Tutundikie kengele yetu. Ikilia Jumapili, posa imepita."

Kengele yenyewe! Ukiitazama tu, kiuno kinauma. Fundi akasimamisha nguzo mbili, juu akalaza bomba la chuma la pembe nne, ndani tupu, ukuta wake mwembamba kama ganda la kitunguu. Ili kulijaribu, akapandisha kwaya nzima ikakaa juu yake, wale wa besi wameshiba ugali. Bomba tuli! Moyo wa fundi ukavimba mpaka vifungo vya shati vikaomba ruhusa.

Kisha akachomelea ndoano moja ya kutundikia kengele, upande wa chini, katikati.

Mzee akakuna kidevu. "Mwanangu, hapo penye ndoano hutangulizi kipande cha bati nene?"

"Kiraka, baba? Mimi? Bomba hili hata tembo akining'inia, atachoka yeye!"

Haya, niambieni: shuka si hulaliwa na ukoo mzima lisichanike? Na ukucha mmoja wa dole gumba je?

Jumapili fundi huyo chini ya kengele, shati jipya, mchumba anamwangalia. Akavuta kamba. Ngoo! Ukuta wa bomba ukavutika nje kama mdomo wa aliyenuna. Ngoo! Ndoano ikang'oka na kipande cha ukuta, kengele ikamfunika fundi kama kuku chini ya tenga.

Halafu sauti kutoka ndani: "Baba! Angalia, bomba halijapinda!"

Mzee akaigonga kengele kwa fimbo. "Kweli, mwanangu. Na posa yako haijapinda. Imetoboka tu."

Chekeni, chekeni. Sisi nasi si tunajipima kwa kwaya? Ibada nzima umetulia, mikono juu, mtakatifu mpaka malaika wanaona haya. Unafika nyumbani, mkeo anauliza neno moja tu, palepale pako pembamba, nyumba nzima inatoboka! Jaribu halikai juu yetu kama kwaya, ndugu zangu. Linaning'inia mahali pamoja. Na pale pako unapajua, usimtazame mwenzako. Leo tukiinamisha vichwa, usimweleze Mungu jinsi ulivyo chuma. Mwonyeshe pale. Omba kiraka.