Maji Aliyokataa Kuyaachia

Mkulima mmoja wa mpunga alikuwa na jaruba upande wa juu, na chini yake palikuwa na jaruba la mama mmoja mjane. Msimu ulipoanza waligombana. Mkulima aliamini kwamba mjane alifungulia maji siku ambayo zamu haikuwa yake. Labda kweli, labda si kweli, mimi sikuwepo. Tangu siku hiyo hata salamu zilikatika.

Ninyi mnaolima mpunga mnajua. Ukiwa mchanga unataka maji, na mtu yuko tayari kukesha mferejini ayapate. Lakini masuke yakianza kuinama na kugeuka rangi, maji yale yale inabidi uyatoe, ardhi ikauke, mashina yakaze. Mkulima wetu alilijua hilo tangu utoto. Shida ni kwamba maji yake yakitoka yalielekea kwa mjane.

Mkewe akamwuliza, "Baba, wenzetu wote wameshatoa maji. Sisi tunangoja nini?"

"Niyatoe yakanyweshe shamba la yule? Hata tone hapati. Yatakauka na jua."

"Na yasipokauka, watoto watakula nini?"

Mkulima akachukua jembe, akaenda kuongeza udongo kwenye tuta. Mtu mzima, mwenye akili zake, anatoka jasho akizuia maji asiyoyahitaji. Mnacheka? Subirini.

Mjane akaja nyumbani kwake. Kabla hajakaribishwa, mkulima akasema, "Kama umefuata maji, rudi ulikotoka."

"Kaka yangu, nisikilize kwanza."

"Nimesema rudi."

Akaja tena, akamkuta shambani, akapewa mgongo.

Basi ikanyesha mvua ya kuchelewa, yenye upepo. Mpunga ambao mashina yake yalikuwa yamelainika majini ukalala wote, na punje zikaanza kuota zikiwa kwenye masuke. Wavunaji walikuja, wakatazama, wakaenda kwa mtu mwingine. Chakula cha mwaka mzima kikaozea pale, watoto wanaona. Inauma, jamani.

Ndipo mkulima akabomoa tuta. Akayafuata maji kwa uchungu, ayaone yakiingia kwa mjane. Hayakuingia. Yalikata kona, yakashika mtaro mpya uliochimbwa pembeni, yakaenda zake mtoni. Jaruba la mjane lilikuwa kavu, limeshavunwa, na mwenyewe alikuwa pale anakusanya mabua.

"Huu mtaro ni wa nani?"

"Ni wako," mjane akasema. "Mimi maji sikuyahitaji tena, kaka. Niliona mpunga wako unaharibika, nikakuchimbia pa kuyapitisha. Nilikuja kukuambia, ukanifukuza."

Wapendwa, sisi tunajua sana kuomba maji. Kuyatoa ndiko kunakotushinda. Hasira yako ilikuwa na siku yake. Ulidhulumiwa, ukalia, hakuna anayekukatalia. Lakini msimu umegeuka, na wewe bado unashindilia udongo kwenye tuta. Unamkomoa nani? Yeye ameshavuna. Kinachooza ni cha kwako, na watakaolala njaa ni wa nyumbani kwako. Tena umewahi kujiuliza yule uliyemfukuza mlangoni alikuwa amekuja kusema nini?

Leo siwaombei mpate nguvu za kusamehe. Nguvu mnazo, mmezitumia miaka yote hii kuzuia. Kila mmoja wetu humu anamjua mtu wake, jina lake limeshamjia tangu nilipoanza kusema. Ibada ikiisha, tusiende nyumbani kula kwanza. Tupitie kwake, tubishe hodi, na safari hii tumwache yeye aongee.