Siku Blogu ya Mwaroko Ilipogeuka Nyeupe

“Mlango ukikwama, usibomoe nyumba.” Mmemsikia fundi akimwambia mwenzake hivyo asubuhi hii, mkacheka, kisha mkauliza nani aliyeisema kwanza. Si methali ya kale, wanangu. Wengi waliokuwapo ilipozaliwa wangali hai, na mambo yalikuwa hivi.

Katika kijiji cha Mwaroko, huko milima ya Taita, palikuwa na mkutubi aitwaye Mghoi Mwachofi. Kwa miaka sita alizunguka na simu yake akirekodi wazee: namna mifereji ya maji ilivyochimbwa, majina ya mashamba yaliyosahaulika, nyimbo za kupalilia. Sauti zote aliziweka kwenye blogu ya maktaba. Blogu ile hakuikabidhi kwa kampuni ya mbali. Aliisakinisha mwenyewe kwenye kompyuta iliyokaa pembeni mwa chumba cha vitabu, akaitunza kama mtu atunzavyo ng’ombe wa maziwa.

Miongoni mwa sauti hizo ilikuwamo ya Bi Wakesho, aliyefariki miezi minne baada ya kurekodiwa. Mumewe, Mzee Kilambo, alikuwa seremala hadi macho yalipompotea. Kila Ijumaa saa nne asubuhi alifika maktabani akipapasa kwa fimbo, akaketi, naye Mghoi akamwekea sauti ya mkewe. Picha zisingemfaa kitu. Alichobaki nacho ni sauti.

Ijumaa moja Mghoi aliwahi kazini. Juma zima blogu ilikuwa imemwonyesha tangazo kwamba toleo jipya la programu yake limetoka, asasishe. Akabonyeza. Kimstari kikajaa polepole, kikafika mwisho, kisha ukurasa ukawa mweupe. Akaufungua upya. Mweupe. Akazima kompyuta na kuiwasha. Mweupe pe.

Akampigia simu Mwadime, fundi wa kompyuta wa pale sokoni, naye akaja na pikipiki yake. Mwadime alikuwa na mkono mwepesi, lakini siku hiyo wateja watatu walikuwa wakimngoja dukani. Alibonyeza hapa na pale, akatikisa kichwa.

“Mama, hii imekufa. Dawa yake ni kufuta kila kitu, nisakinishe upya. Nusu saa tu.”

“Na sauti za wazee?”

“Una nakala?”

Mghoi alikuwa nayo kwenye flashi, ndani ya droo. Aliichomeka, akasoma tarehe, akaisoma tena. Nakala ilikuwa ya mwezi wa Machi, mwaka uliopita. Bi Wakesho alirekodiwa Agosti, na simu iliyomrekodi ilikwisha kuharibika kitambo.

Hapo fimbo ikagonga kizingiti. Mghoi akainamisha uso kwa aibu, ingawa mzee hakuweza kumwona.

“Mbona kimya?” Mzee Kilambo akauliza.

Mghoi akamweleza yote bila kuficha. Mzee akasikiliza, mikono yote miwili juu ya fimbo. Kisha akauliza, “Mashine yenyewe imesemaje?”

“Haijasema kitu, Mzee,” Mwadime akajibu. “Ni nyeupe tu. Ndiyo maana nataka kufuta.”

“Kijana, nimetengeneza milango miaka arobaini. Niliitwa nyumba nyingi, mwenye nyumba kashika shoka tayari. Mlango ukikwama, usibomoe nyumba. Tafuta panapobana. Mara nyingi ni bawaba moja, au ubao uliovimba kwa mvua. Tena swali langu la kwanza lilikuwa: jana ulifunguka, leo kumebadilika nini?”

Mwadime akaona haya. Alikuwa ameshika kipanya, kidole juu ya kitufe cha kufuta. Akakiondoa.

“Kilichobadilika ni toleo,” Mghoi akasema, kana kwamba anajijibu mwenyewe. Akakumbuka kwamba kompyuta ile huandika makosa yake katika faili moja, ambalo hakuwahi kulifungua. “Mwadime, kabla ya yote tunakili folda nzima ya blogu kwenye diski nyingine. Halafu tusome.”

Wakanakili. Wakafungua faili. Ilikuwa mistari mingi, lakini wa mwisho ulirudiwa mara ishirini, ukitaja jina lilelile: kiprogramu cha ziada kilichopachikwa kwenye blogu ili kicheze sauti. Kilikuwa cha zamani, na toleo jipya halikukitambua. Kilipojaribu kuamka, kiliangusha ukurasa mzima.

“Ni hiki tu?” Mwadime akanong’ona.

Akabadilisha jina la folda ya kiprogramu hicho ili blogu isikione. Mghoi akafungua ukurasa, na kichwa cha blogu kikatokea, kisha mashamba, mifereji, nyuso za wazee.

Lakini vitufe vya sauti havikuwapo. Wakatafuta toleo jipya la kiprogramu kile. Kikagoma kuingia, safari hii kwa maneno: hakina ruhusa ya kuandika ndani ya folda.

“Sasa inaongea,” Mghoi akasema. Mwadime akacheka, akatoa ruhusa iliyotakiwa, nacho kikaingia.

Mghoi akabonyeza. Sauti ya Bi Wakesho ikajaa chumbani, ikieleza jinsi Kilambo alivyokuja kuposa amevaa viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko kingine, na jinsi baba wa msichana alivyojikaza asicheke. Halafu Bi Wakesho akacheka mwenyewe, kicheko kirefu cha mtu aliyeshiba.

Mzee Kilambo akafuta machozi kwa mgongo wa kiganja. “Anazidisha chumvi,” akasema. “Vilikuwa sawa.”

Mwadime alichelewa kwa wateja wake wote watatu, wala hakujuta. Alipofika dukani, wa kwanza alimwomba amfutie kompyuta yote kwa kuwa haifunguki. Mwadime akaketi, akamuuliza kwanza jana alifanya nini, kisha akamwambia kauli aliyojifunza siku ile. Mteja akaenda na kauli hiyo nyumbani, na kutoka hapo ikasambaa hadi ikatufikia sisi: mlango ukikwama, usibomoe nyumba.