Firigisi ya Sultani

Hapo zamani, si zamani sana maana sufuria zilikuwepo, Shekue aliishi na mkewe Mwanakombo na mama yake, Bi Chausiku. Lakini aliyeitawala nyumba hiyo alikuwa jogoo, jina lake Sultani. Akipanda kigoda, watu husimama. Akiingia jikoni, watu hutoka. Hata Shekue, na ndevu zake zote, akitaka kwenda uani huchungulia kwanza.

Mwanakombo alitamani kwenda kwao, mdogo wake anaolewa Ijumaa. Shekue akasema, "Ukienda, nani atanipikia?" Bi Chausiku akasema, "Ukienda, nani atanikanda miguu?" Mwanakombo akaendelea kutwanga, moyo unamuuma.

Alhamisi Sultani akamdonoa Bi Chausiku kisigino. "Leo ni leo!" akasema bibi. Akatoa shauri: mtama umwagwe jikoni, jogoo akiingia mlango ufungwe. Mwanakombo akamrukia kwa kanga. Akadonolewa mikono yote miwili, hakumwachia. Shekue akachungulia kutoka darini alikojificha. "Mmemfunga miguu?" "Tumemfunga." Akashuka, akasema bismillahi, akachinja.

Sasa, kuku ana firigisi moja, na kwa desturi yao firigisi huliwa na mwenye nyumba. Anayeila, neno lake ndilo la mwisho.

"Yangu," akasema Shekue. "Bila kisu changu angekuwa anawika sasa hivi."

"Kisu gani, nawe ulikuwa darini!" akasema mamaye. "Shauri langu ndilo lililomuua. Na wewe mwenyewe nimekuzaa mimi."

"Shauri halikudonolewa, mama," akasema Mwanakombo, akionyesha mikono. "Yangu."

Wakabishana hadi wali ukapoa. Mwishowe Shekue akafunua sufuria, akakoroga, akakoroga tena. Firigisi hamna.

"Nilikuwa naonja chumvi," akasema Mwanakombo. Akajifunga kanga safi, akajitwika kikapu. "Harusi ni kesho. Mchuzi upo. Miguu mkandane."

"Umejipakulia, hukupewa!" akafoka Shekue. Bi Chausiku alikuwa anaitazama miguu yake.

Haya, ninyi mnaocheka, amueni upesi. Mwanakombo keshafika njiapanda, na jogoo wa jirani amekiona kigoda kitupu, anakuja. Je, firigisi ilikuwa haki ya nani: aliyetoa shauri, aliyekamata, au aliyechinja? Na huyo anayekwenda harusini, aitwe arudi, au nani wa kumwita?