Gego la Sultani na Ujira wa Riali Mia

Palikuwa na sultani mmoja, Mundhir wa Manzili, mwenye mji mzuri na meno mabaya. Mji wake ulizungukwa na ukuta, na ukuta ulikuwa na lango moja tu. Mafundi wa nchi za mbali walimiminika hapo kutafuta kazi, mpaka Sultani akachoka nao. Akatoa amri.

"Sina muda wa kumpima kila mgeni kwa kazi yake. Nitawapima kwa ujira. Anayelipwa riali mia kwa mwezi, huyo ni fundi kweli, aingie. Chini ya hapo, arudi kwao. Na kila anayepita lango hili kufanya kazi, awe nani, aulizwe ujira wake. Bawabu atakayekiuka, shingo yake ni mali yangu."

Akaapa mbele ya mji mzima kwamba amri hiyo hataipindisha kwa mtu yeyote.

Bawabu aliitwa Shaame. Shingo yake alikuwa akiipenda, kwa hiyo amri akaishika kama ilivyo.

Basi akaingia mwalimu wa kasuku, maana kuna tajiri aliyetaka kasuku wake asalimie wageni kwa Kiajemi. Akaingia fundi wa kufukiza udi. Akaingia na mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuonja halua na kutikisa kichwa. Nje wakabaki mchimba visima, mkunga na mwashi, kwa sababu waliowahitaji hao walikuwa watu wa kawaida, na mtu wa kawaida riali mia ataitoa wapi? Wakajenga vibanda chini ya ukuta, wakangoja. Huko ndani visima vikaziba, na wajawazito wakawa wanaombewa dua tu.

Miongoni mwa waliozuiwa alikuwa Bi Nyamvula, mjane, mng'oa meno. Nyumba yake kwao alikwishaiuza apate nauli, hana pa kurudi. Ujira wake nusu riali kwa jino. Alisema hivyo langoni, Shaame akamwonyesha vibanda.

Haukupita muda, gego la Sultani likavimba. Shavu likawa kama boga. Mng'oa meno mjini hakuna. Wakamwita fundi wa udi, akalifukiza gego kutwa nzima. Liliendelea kuuma, ila sasa lilikuwa linanukia.

Asubuhi moja, alipoambiwa kwamba mng'oa meno yuko vibandani, Sultani akaja mwenyewe langoni, mkono shavuni. Watu wakajaa juu ya ukuta kutazama.

"Ewe mng'oa meno! Ingia!"

"Siwezi, maulana. Ujira wangu mdogo."

"Basi uongeze!"

"Nimeongeza. Riali mia."

"Nani atakulipa riali mia?"

"Mwenye jino."

Sultani akaguna. "Jana si ulikuwa unang'oa kwa nusu riali?"

"Na leo pia. Jino halikupanda bei, maulana. Ni lango lililopanda."

"Na huko nje uliko, bei gani?"

"Huku nje nusu riali. Huku amri yako haijafika."

Uchungu na uchoyo vikashikana mieleka kinywani mwa Sultani. Uchoyo ukashinda. Akatoka nje, na Shaame akafunga lango nyuma yake, kama kawaida.

Bi Nyamvula akamkalisha juu ya jiwe, akamwekea goti kifuani, akaingiza koleo. Sultani akalia kilio cha mtu wa kawaida. Gego likatoka. Akalipa nusu riali yake, akatabasamu kwa upande mmoja, akaenda kugonga lango.

"Karibu, maulana," akasema Shaame kutoka ndani. "Unaingia kufanya kazi?"

"Naingia kutawala!"

"Kutawala ni kazi?"

"Kazi kubwa kuliko zote!"

"Alhamdulillahi. Ujira wako kiasi gani?"

"Sina ujira. Hazina yote ni yangu."

"Basi ni chini ya riali mia."

"Shaame! Nitakukata shingo!"

"Ukiwa huko nje huwezi, maulana. Nikikufungulia ndiyo utaweza."

"Naifuta amri! Sasa hivi!"

"Amri hufutwa barazani. Baraza liko huku ndani."

Sultani akawaita askari wake waliokuwa ndani. Askari wakatazamana: amri nao waliisikia, na shingo nao wanazo. Jua likazidi kuwaka. Sultani akageuka, akamwona Bi Nyamvula anafuta koleo lake.

"Bibi, mwenye ulimi kama wako hakosi njia."

"Ninayo. Lakini hii si ya nusu riali."

"Sema bei."

"Sote tulio hapa tuingie nawe, tupimwe kwa kazi za mikono yetu. Na shingo ya Shaame ibaki yake."

Sultani akaapa, mji mzima unasikia.

"Vizuri," akasema Bi Nyamvula. "Amri inamhusu anayeingia kufanya kazi. Sema wewe hufanyi kazi."

Sultani akainua macho. Juu ya ukuta hapakuwa na nafasi hata ya paka. Akameza mate yenye damu.

"Mimi... sifanyi kazi."

"Kwa sauti, maulana," akasema Shaame. "Mlango huu mnene."

"Sifanyi kazi!"

Shaame alikuwa mtu mwangalifu.

"Hayo ni madai, na madai yanataka ushahidi. Nani anashuhudia kwamba bwana huyu hafanyi kazi?"

Juu ya ukuta mikono ikainuka, kutoka pembe hii mpaka pembe ile. Bi Nyamvula akaitazama, kisha akalitazama jua.

"Fungua tu, Shaame. Ukingoja wote wamalize kuapa, tutalala nje."