Beji Iliyofukiwa Lundoni

Hapo zamani, si zile za fisi na sungura, bali hizi ambazo malori yalishafika vijijini, walikuwapo wake wenza wawili, Nyamizi mkubwa na Milembe mdogo. Kazi yao ilikuwa kupakia kwenye malori udongo wenye mionzi, katika mgodi uliofungwa. Mionzi haionekani wala hainusiki, basi kila mmoja alivaa barakoa, na kifuani beji ya kupima sumu inayompata.

Msimamizi, Bwana Ngassa, akatangaza: "Mwenye beji iliyokula mionzi mingi kuliko wote nitamtoa vumbini. Ataosha magurudumu getini. Nafasi ni moja."

Nyumbani wake hao waligawana kila kitu kwa zamu, mpaka mume. Geti halikuwa na zamu. Wivu ukamkaba Nyamizi. Milembe kanunuliwa khanga, Milembe anachekewa, na sasa Milembe, kwa kuwa anapakia lundo baya zaidi, apate na geti? "Getini haendi," akajisemea.

Mchana, wenzake walipokwenda kula, akaifukia beji yake kwenye lundo hilo hilo ijae upesi. Mara lori la kuleta udongo kutoka shimoni likaja, likamwaga udongo mwingine juu yake. Nyamizi akafukua kwa mikono mitupu. Pumzi ikambana, akaitupa barakoa, akaendelea kufukua huku akila vumbi.

Milembe akamwona, akatoka mbio, beji yake aliyoivua ili ale ikabaki kwenye hema la chakula. Akavua barakoa yake, akamvika mwenzake, wakafukua pamoja mpaka wakaipata. Mnadhani Nyamizi alishukuru? Moyo ulizidi kumchemka. Hata kwa wema anataka kunishinda, akawaza.

Jioni beji zikapimwa. Ya Nyamizi ikawa ya kwanza, ya Milembe ya pili. Lakini walikuwa wamechafuka hadi nyusi, wakaulizwa, wakasema yote.

"Beji imedanganya, kifua changu hakidanganyi," akasema Nyamizi. "Vumbi nimelila kweli."

"Na mimi nimelila kwa ajili yako, Dada," akasema Milembe. "Beji yangu haikuwapo ilione."

Bwana Ngassa akainama. "Mimi ndiye niliyewashindanisha kwa sumu," akasema. "Ila nafasi ni ile ile moja, na kesho lundo linawangoja."

Haya, nyinyi mlionyamaza hapo, semeni. Je, nani alistahili geti: aliyejitia sumu kwa wivu, au aliyeifuata kwa huruma? Na yule atakayebaki vumbini, atakuwa amebaki kwa kosa la nani?